Ziara za Makundi katika Makumbusho ya Hyrax Hill, Nakuru: Suala la Lugha ya Maelezo

Anayepanga ziara ya kundi katika makumbusho aghalabu hushughulikia basi, chakula na kiingilio. Lugha ya maelezo huachwa hadi kundi lishuke garini. Katika Makumbusho ya Hyrax Hill, yaliyo umbali wa kilomita 4 hivi kutoka katikati ya Nakuru kando ya barabara iendayo Nairobi, kuchelewa huko kuna hasara yake.

Louis Leakey alilitambua eneo hili mwaka 1926, na Mary Leakey akalichimbua kati ya 1937 na 1938. Mwaka 1943 lilitangazwa kuwa turathi ya kulindwa, na mwaka 1965 nyumba ya mlowezi iliyokuwa hapo ikageuzwa kuwa makumbusho. Taaluma yote iliyolizunguka, kuanzia ripoti za uchimbuaji, iliandikwa kwa Kiingereza. Anayeyaeleza mambo yake kwa Kiswahili basi hufanya kazi ya tafsiri papo hapo, tena mbele ya watoto 40 wenye njaa.

Jina lenyewe linampa mwalimu pa kuanzia. Hyrax ni pimbi, mnyama mdogo wa majabalini ambaye Biblia ya Muungano humwita wibari. Mitaani pimbi ni mtu mfupi pia, na mwalimu asipoitaja maana hiyo wanafunzi wataitaja wenyewe.

Ugumu hasa umo katika kile kiitwacho mashimo ya Sirikwa. Haya ni mabonde madogo ya mviringo yaliyochimbwa mlimani karne kadhaa zilizopita. Mwanafunzi akiambiwa 'mashimo' hudhani mara moja kwamba watu waliishi ardhini kama panya, na hata baadhi ya wataalamu wa zamani waliyadhania kuwa makao. Utafiti wa J.E.G. Sutton ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa kando, zikiungana nayo. Neno 'zizi' lipo, linajulikana na kila mtoto wa Bonde la Ufa, na linabeba maelezo yote hayo kwa silabi mbili. Hakuna sababu ya kulikwepa.

Likishatajwa zizi, swali hufuata: wafugaji hao walikuwa kabila gani? Nakuru si mahali pa kulijibu swali hilo kwa haraka. Ghasia za Januari 2008 mjini humo zilihusiana kwa kiasi kikubwa na madai ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Masimulizi ya Wakalenjin huwataja Wasirikwa kuwa watu waliotangulia, lakini makaburi ya Hyrax Hill yanarudi nyuma zaidi, hadi enzi za wafugaji waliotumia zana za mawe. Mwelekezi asemaye 'wafugaji wa kale' anasema kinachojulikana. Asemaye 'wazee wa kabila fulani' amekwisha kugawa ardhi kwa wasikilizaji wake, apende asipende. Mwalimu afaa kuzungumza na mwelekezi kuhusu jambo hili kabla ya ziara, si mbele ya darasa.

Makundi ya watu wazima yana mahitaji mengine. Wanafunzi wa ngumbaru au wanachama wa chama cha kina mama huenda wasijue neno 'akiolojia', lakini jiwe la kusagia wanalifahamu kuliko mwelekezi kijana. Katika makaburi ya kale ya hapa, wanawake walizikwa na vyombo bapa vya mawe, ilhali wanaume hawakuwekewa. Ni heri mwelekezi awaulize wageni hao chombo hicho kingeweza kuwa cha nini kabla ya kuwaambia lolote. Mjadala utakaozuka utazidi maelezo ya ubaoni. Aidha, wapo wazee ambao mila haziwaruhusu kutazama mabaki ya wafu. Waelezwe mapema kilichomo, wapewe nafasi ya kubaki nje bila kuulizwa sababu.

Kwa hiyo barua ya kuomba ziara isiishie kwenye tarehe na idadi ya wageni. Itaje darasa au umri, lugha inayotakiwa, na mada ambayo kundi limekwisha kuisoma. Kundi kubwa ligawanywe: nusu ibaki nyumbani penye vielelezo, nusu ipande kilimani, kisha wabadilishane. Viatu imara ni muhimu kuliko sare, kwa kuwa sehemu kubwa ya ziara ni ya kutembea juani.

Kituo kinachofaa kuachwa mwisho ni mwamba uliochongwa vishimo vya bao. Wanafunzi waliosoma kuhusu bao la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, wahesabu vishimo hivi na kulinganisha, kisha watafute namna ya kuyataja kwa msamiati wa mchezo wenyewe: kete, mtaji, kunamua. Kucheza kwenyewe kufanyiwe chini, kwenye mchanga na kwa kokoto, ili mwamba usiguswe.