NANI ALIYEMCHORA NG'OMBE WA BUCHANI?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Tangu uanze kupanda matatu kuja shuleni, umepita mbele ya picha ngapi? Usinihesabie zile za vitabuni. Nasema yule ng'ombe mnene wa ukuta wa bucha, anayetabasamu kana kwamba hajui kinachoendelea ndani. Nasema vichwa vitatu vya wanaume juu ya mlango wa kinyozi, kila kimoja na mtindo wake wa nywele, na kikombe cha chai kinachofuka mvuke kwenye ukuta wa hoteli. Kuanzia Kalundu mjini Kitui hadi Wote, na kutoka Mwingi hadi Mtito Andei, kuta zetu zimejaa kazi za mikono ya watu. Watu hao ni akina nani? Hapo ndipo wengi wetu hunyamaza.

Wengi wakisikia sanaa ya Ukambani hukumbuka uchongaji tu. Si vibaya, kwani uchongaji una historia kubwa. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu aliwaona Wazaramo wakichonga huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliporudi nyumbani akaanza kuchonga vinyago vya kuuza. Wachongaji waliomfuata wana vyama vya ushirika, na kazi zao zimefika Ulaya na Marekani. Mchoraji wa ukutani hana bahati hiyo. Kazi yake haibebeki. Mtalii hawezi kuifunga kwa gazeti aitie mkobani.

Na mtu asidhani ni mchezo! Kwanza ukuta husuguliwa, hupakwa rangi ya chini, huachwa ukauke. Kisha fundi huchukua uzi, huupaka chaki, watu wawili huushika huku na huku, mmoja wao huuvuta na kuuachilia: pa! Mstari umenyooka kuliko wa rula. Juu ya mstari huo fundi hupima herufi zote kwa penseli kabla ya kugusa brashi, maana ukuta ukiisha kabla neno halijaisha, hakuna kifutio. (Ndiyo sababu kwenye mabango mengine herufi za mwisho zimebanana kama abiria wa siku ya soko.) Halafu kuna kivuli cha herufi. Fundi huamua mwanga unatoka upande gani, basi vivuli vyote huangukia upande wa pili. Akikosea herufi moja tu, jicho lako litasumbuka hata kama hujui kinachokusumbua.

Rangi yenyewe ni ya mafuta. Na ule mkanda wa rangi nzito sehemu ya chini ya ukuta, kahawia au nyeusi, mlidhani ni urembo? Mvua ikinyesha, matone hurusha udongo mwekundu ukutani. Ukuta mweupe mpaka chini ungechafuka kwa wiki moja.

Rangi ya mafuta ya namna hiyo, ya kupakwa baiskeli, ndiyo iliyotumiwa na Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Hapa kwetu Kenya, Joseph Bertiers, aliyezaliwa mwaka 1963, alianza kwa kuchora mabango ya baa na maduka kabla picha zake hazijaonyeshwa ng'ambo. Chéri Samba wa Kinshasa naye alianzia kwenye mabango. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa katika maonyesho makubwa Paris. Karibu zaidi na nyumbani yuko Kivuthi Mbuno, mzaliwa wa Mwingi mwaka 1947. Yeye si mtu wa kuta, alikuwa mpishi wa safari za watalii, lakini hakungoja cheti cha mtu ndipo achore.

Siwezi kuandika makala haya nisitaje matatu. Kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, magari yalitakiwa kuwa na mstari wa manjano na michoro ikafutwa. Abiria walishukuru mikanda ya usalama, na mimi ningeshukuru, ila wachoraji walipoteza riziki. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alisema michoro iachwe, na rangi zikarudi. Jijini Nairobi wenzao walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ukuta unaweza kusema makubwa: mwaka 2012 walichora wanasiasa kama tai wala mizoga, na kabla ya uchaguzi wa 2013 vijana kama Bankslave, Swift9 na Uhuru B wakapaka behewa za gari moshi ujumbe wa amani huko Kibera.

Huku kwetu adui wa mchoraji si polisi. Ni matangazo. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 kuta nyingi zimegeuka kijani, nyingine zimechukua rangi za soda, sabuni na saruji. Mwenye duka akiambiwa atapakiwa rangi bure, atakataaje? Kisha pamekuja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Ni ya haraka, na picha ya kuku ndani yake ni ile ile Emali, ile ile Mutomo. Mimi nasema wazi: jua la Kibwezi huyageuza kuwa meupe upesi, na upepo huyachana, ilhali ng'ombe wa rangi ya mafuta angali anatabasamu.

Walimu wetu watanisamehe, lakini shule nazo zina sehemu yao. Mtaala wa 8-4-4 ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Sanaa na Ufundi haikutahiniwa tena katika KCPE, na haikurudi hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kisichotahiniwa hakifundishwi, tunajuana. Mwanafunzi anayechora pembeni mwa daftari huambiwa anapoteza wakati.

Basi wanachama wameanzisha daftari. Ukienda nyumbani likizoni, andika mahali, kilichochorwa, na utazame pembe ya chini kulia: mara nyingi fundi huacha jina na namba ya simu hapo. Ukimkuta kazini, msalimu, umwombe ruhusa ya kuandika habari zake. Mpaka sasa tuna kuta 31. Majina tunayo 9. Simba wa gereji aliyeandikwa ukurasa wa kwanza amekwisha kupakwa rangi juu yake, na ya mchoraji wake tuliyonayo ni herufi mbili, na namba ya simu ambayo tarakimu nne za mwisho zilikuwa zimefunikwa na udongo.