Kipindupindu: Kwa Nini Mgonjwa Apewe Maji

Wazazi wengi wanaotuletea wagonjwa hutuambia neno lile lile: "Tumemnyima maji, maana kila akinywa anaharisha zaidi." Wanachokiona tunakielewa. Lakini kwa mgonjwa wa kipindupindu, kumnyima maji ni kumharakisha kufa.

Kijidudu cha kipindupindu huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hakichimbi utumbo kama kile cha kuhara damu. Hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Daktari S. N. De wa Calcutta, India, ndiye aliyeithibitisha mwaka 1959. Sumu hiyo hupenya ndani ya chembe hai za ukuta na kuzilazimisha zimwage chumvi bila kukoma, kama bomba ambalo koki yake imekwama. Chumvi inapokwenda, maji hufuata, nayo hutoka damuni, si kwenye kikombe alichonywa. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa, choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele. Macho huzama, misuli hukaza, na asipotibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Bahati njema, utumbo una mlango mwingine ambao sumu haiugusi: ule unaoingiza chumvi na sukari zikiwa pamoja, na maji nyuma yake. Hiyo ndiyo kazi ya pakiti ya ORS. Mwaka 1971 huko Bangaon, India, dripu zilipowaishia, waganga waliwanywesha wakimbizi dawa hii, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Sisi wa Katavi tusidhani ni habari za mbali. Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, Kigoma, kati ya wakimbizi wa Burundi, kando ya ziwa lile lile wanalochota ndugu zetu wa Karema na Ikola.

Koroga pakiti 1 katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Pakiti hakuna? Weka sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi, ikizidi inadhuru. Mgonjwa akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena kidogo kidogo. Mtoto aendelee kunyonya. Mwahisheni hospitali, mkimnywesha njiani, hata juu ya baiskeli. Aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji dripu.