Lita Moja ya Mazutu Alimbongo: Pesa Yako Inabanwa Wapi?

Jaza pipa la lita 200 za esansi pale Kasindi saa nane mchana, jua likiwaka. Lipandishe mpaka Alimbongo, hapa kwetu Lubero, zaidi ya mita 2,000 juu, ulipime alfajiri ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Utapata kama lita 197. Usimkamate dereva. Esansi hunywea takriban lita moja katika kila 1,000 kwa kila digrii ya joto inayoshuka, na kati ya bonde la Semliki na baridi yetu digrii 15 ni jambo la kawaida. Nguvu yake haijapotea, ujazo tu ndio umepungua. Zikikosekana lita 10, hapo una haki ya kumuuliza.

Mwenye mashine ya kusaga anayejua hesabu ndogo kama hii hununua vizuri. Njia ya kuhesabu tunaweza kuiazima kwa mafundi wa visima vya mafuta. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda imepanga visima zaidi ya 400 kwenye mradi wa Tilenga peke yake. Kisima kikitoa kidogo, fundi hakimbilii pampu kubwa. Anayafuata mafuta kutoka kwenye mwamba, kupitia bomba la kisimani na vali, hadi kwenye tangi, akitafuta panapobana. Kipenyo cha bomba kikipungua nusu na mafuta yakabaki kiasi kilekile, msukumo unaopotea huongezeka karibu mara 32. Pampu mpya ingechoma pesa bure.

Tuifuate lita yetu vivyo hivyo. Meli inashusha Mombasa. Bomba la Kenya, lililoanza kazi mwaka 1978, linayasukuma mafuta kilomita 450 hadi Nairobi, kisha yanaendelea magharibi hadi Eldoret na Kisumu. Kutoka huko ni malori: Uganda nzima, Mpondwe, Kasindi, Beni, Butembo, Lubero. Bomba halikwami matopeni, lori hukwama. Na barabara ikifungwa kwa vita, kama tulivyoona kusini mwa Lubero tangu 2024, kipande kifupi cha mwisho ndicho kinachobana kuliko vyote.

Wengine wanalisubiri bomba la mafuta ya Uganda, kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linalopashwa moto zaidi ya digrii 50 kwa sababu mafuta yale yana nta na huganda. Lakini bomba hilo linapeleka mafuta ghafi baharini. Hata kiwanda cha kusafishia kilichopangwa Hoima kikijengwa, matope ya Lubero yatabaki palepale.

Basi chagua kwa kuangalia kipande hicho cha mwisho cha barabara.

Mahali pa kununua. Chupa ya kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, inamfaa mwenye pikipiki iliyozimika. Kwa mashine ni ghali, maana unalipia kila mkono uliomimina. Ukilazimika, acha chupa itulie dakika kumi kabla ya kumimina: maji huzama chini, utayaona. Wenye mashine watatu au wanne wakichanga wakaleta pipa moja kutoka kituo cha Butembo, wanagawana gharama ya safari na kupima pamoja.

Injini. Jenereta ndogo ya esansi hutoa kama kilowati-saa 1.5 kwa lita. Injini ya mazutu iliyobebeshwa mzigo wake sawasawa hukaribia 3. Gawanya bei ya leo ya kila lita kwa namba hizo, ndipo ulinganishe. Kumbuka pia kwamba hewa yetu ni nyepesi: injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Jenereta iliyoandikwa kilowati 5 itakupa kama 4 hapa. Nunua kwa hesabu hiyo, lakini usipitilize, kwa sababu injini kubwa inayowasha balbu mbili inakunywa mafuta bila kazi.

Taa na simu. Hapa mafuta yashindwe. Paneli ya wati 100, hata kwa ukungu wetu ikitoa wati-saa 300 kwa siku, inafikisha karibu kilowati-saa 110 kwa mwaka. Kwa jenereta ndogo ungehitaji zaidi ya lita 70, zote zikipanda mlima huu. Weka akiba ya betri, ambayo utaibadilisha baada ya miaka michache. Na penye kijito chenye maporomoko, turbini ndogo ya wanakijiji inaweza kusaga pia. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa maji unatumika tangu 2013.

Ushauri wangu: mazutu yabaki kwa kusaga, jua lichukue taa, na pipa linunuliwe kwa ushirika. Kabla ya kutoa hata franka moja, shika daftari wiki nzima: lita zilizoingia, magunia yaliyosagwa, saa ambazo mashine iliwaka bila mteja. Saa hizo za mwisho zikizidi, panapobana ni ndani ya nyumba yako, na kuparekebisha hakuhitaji lori.