Je, Wajua? Watu 866,820 wa Kwale

Sensa ya Agosti 2019 iliipa Kaunti ya Kwale watu 866,820: wanaume 425,121, wanawake 441,681 na huntha 18, ambao Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza.

Gawanya jumla hiyo kwa 60, upate 14,447 kamili. Hapo kisu hakipiti tena: 14,447 ni namba tasa, haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Asiyesadiki ajaribu namba tasa zote kuanzia 2 hadi 113. Ziko 30 tu, na hakuna haja ya kuendelea, maana inayofuata ni 127, na 127 mara 127 ni 16,129, tushapita.

Kwa maeneobunge manne, yaani Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango, kila moja lingepata watu 216,705 bila salio (kwenye karatasi, si mashinani). Lakini wapakie wote kwenye matatu za abiria 14 pale Ukunda: zitajaa 61,915, wabaki watu kumi wakimngoja makanga apate wengine wanne.