Dawa ya wadudu haizuii batobato la maharage

Mkulima wa Afrika Mashariki aonapo vidukari katika shamba lake la maharage, wazo la kwanza ni kununua dawa. Wakati mwingine fedha za dawa hiyo hutumwa na ndugu aliyeko ng'ambo. Hata hivyo, ugonjwa wa batobato unaweza kuenea shamba zima ilhali dawa imenyunyiziwa ipasavyo.

Ugonjwa huo husababishwa na virusi viwili vyenye undugu wa karibu. Majani hupata mabaka ya kijani hafifu na kijani kilichokolea, hujikunja kuelekea chini, mche hudumaa na maganda huwa machache.

Kazi ya sekunde chache

Kidukari akitua juu ya mmea huuonja kwanza kwa mdomo wake ulio mfano wa sindano. Akionja mmea mgonjwa, virusi hunasa mdomoni kwa muda usiofika dakika moja. Akirukia mmea wa pili, huviacha humo kwa kasi hiyo hiyo. Dawa nyingi haziwahi kumwua kabla hajatimiza kazi hiyo, na baadhi humsumbua tu, akazidi kuhangaika kutoka mche hadi mche.

Lakini kidukari hadumu na virusi hivyo. Akishachoma mimea kadhaa mizima, mdomo wake husafika. Kwa hiyo, mara nyingi chanzo cha ugonjwa hakiko mbali: kimo shambani humo humo, au katika mikunde ya mwitu iliyo jirani.

Adui aliye ghalani

Virusi hivi huingia ndani ya mbegu. Mche ulioambukizwa kabla ya kutoa maua huweza kuzaa mbegu zenye ugonjwa, na mbegu hizo kwa macho huweza kuonekana nzima kabisa. Humo virusi huishi kwa miaka mingi. Mkulima anayetenga mbegu za akiba bila kuchagua huupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na vidukari huusambaza tu.

Kinga iliyogeuka

Tangu miaka ya 1930, wataalamu wa Marekani walitumia kinasaba kimoja chenye nguvu kuzalisha maharage yanayostahimili batobato. Kinga hiyo ilifanya kazi vyema. Katika Afrika, hata hivyo, ilikutana na kirusi cha pili, ambacho mwaka 1992 wanasayansi walikitambua kuwa ni aina ya pekee.

Kirusi hicho kikiingia katika mmea wenye kinasaba hicho, mmea hujihami kwa ukali kupita kiasi: mishipa ya majani huwa myeusi, ncha hunyauka na mmea wote hufa. Hali hiyo huitwa mizizi myeusi. Wapo wanaodhani ni ukungu wa ardhini, lakini uozo wa ukungu huanzia chini, ilhali huu huanza kuonekana juu, kwenye majani machanga.

Wazalishaji wa mbegu sasa huunganisha kinasaba hicho na kingine, ambacho humnyima kirusi protini ya mmea anayoihitaji ili azaliane. Mbegu zenye vinasaba vyote viwili ndizo kinga bora zaidi.

Afanye nini mkulima?

Kwanza, apate mbegu zilizokaguliwa, na amwulize bwana shamba ni aina gani inayostahimili magonjwa yote mawili. Asipozipata, atenge kipande cha shamba kwa ajili ya mbegu, akikague kila wiki, na ang'oe kila mche wenye mabaka mapema, kabla vidukari hawajaongezeka. Mbegu za mwakani zitoke kwenye miche mizima tu.

Pili, apande mapema mvua zinapoanza, kwa kuwa vidukari huzidi wakati wa ukame. Asipande kando ya maharage makuukuu, na aondoe mikunde ya mwitu pembezoni. Kuchanganya na mahindi husaidia pia, kwa sababu vidukari huvutiwa na mimea michache iliyozungukwa na udongo mtupu.

Ndugu aliye ng'ambo naye ana la kufanya. Kabla ya kutuma fedha za dawa, aulize kwanza: mbegu zimetoka wapi? Huenda fedha hizo zikafaa zaidi zikinunua mbegu safi.