Ujira wa Kibarua Mgeni: Mgomo, Sheria na Amri ya Saba

Kanazi, palipokuwa makao ya Mukama Kahigi wa Kihanja, imezungukwa na vibanja vya migomba na mibuni. Tangu enzi za ukoloni, kahawa ilipoanza kuwapatia Wahaya fedha, vibarua kutoka Ruanda-Urundi na Buha walikuja kuvilima vibanja hivyo. Je, kibarua wa namna hii asipolipwa, ana njia gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma. Lakini mgomo ni kwa mgogoro wa maslahi, yaani wafanyakazi wanapodai masharti bora kuliko waliyo nayo, tena baada ya usuluhishi kushindikana na mwajiri kupewa taarifa ya saa 48. Ujira uliokwisha kutolewa jasho ni dai la haki. Hilo hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1947 wakapata nyongeza, kwa kuwa walikuwa wengi na meli zilikuwa zikingoja. Kibarua wa kibanjani yu peke yake. Hana chama, mara nyingi hulala kwa mwajiri wake, na akiweka jembe chini hutafutwa mwingine. Asipokuwa na kibali, huogopa hata kushtaki. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu waliondolewa Kagera, Geita na Kigoma. Aliyekwisha kuvushwa mpaka angemdai nani?

Hapa ndipo Neno linaposimama mahali ambapo mgomo haufiki. Kumb. 24:14-15 humweka mgeni pamoja na ndugu, na huagiza alipwe kabla jua halijachwa; halimuulizi kibali. Katika Yak. 5:4 ujira uliozuiliwa ndio wenyewe unaolia. Naye Luther, katika Katekisimu Ndogo, hufundisha kwamba Amri ya Saba hututaka pia tumsaidie jirani kuilinda riziki yake.

Waajiri hawa ni Wakristo wetu, pengine wazee wa Kanisa. Basi mchungaji afundishe jambo hili katika darasa la Kipaimara. Amsindikize mdai mbele ya Tume. Na kabla ya kuibariki sadaka ya mavuno, aulize kama waliochuma kahawa ile wamekwisha kulipwa.