Siku Fupi, Wapenzi Wawili
Mimi na mume wangu tulikuwa na siku tano tu London, mwezi Desemba. Yeye anataka Bath, mimi Brighton, nusura tununiane! Jamani, kule msimu huo jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Tukakubaliana: safari mbili tu, kila mtu achague yake. Brighton ni mwendo wa kama saa moja kwa treni, Bath saa moja na nusu. Ipo kadi ya wawili, yenye majina na picha zenu, inayopunguza nauli kwa theluthi moja. Ila Krismasi treni hazitembei. Mpenzi msomaji, kabla hujakata tiketi, muulize kwanza mwenzio anataka kuona nini.